Tajiri wa Pauni 28: Maisha ya John Wesley



Kabla sijafika kwa John Wesley, nina deni nanyi. Jumapili iliyopita nililisema mbele ya kanisa, lakini wengi hamkuwapo kwa sababu ya ile mvua, kwa hivyo naliandika hapa libaki kwenye karatasi. Mwaka juzi, katika mfululizo wa mafundisho ya baraka, nilisimama madhabahuni na funguo za gari mkononi. Nikaziinua juu, nikazitikisa, nikawaambia kwamba furaha ya mtu wa Mungu ina mlio, na mlio wenyewe ndio huo. Mkapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele.

Sikuwaambia kwamba gari lile lilikuwa la mkopo. Sikuwaambia kwamba nilikuwa nalipa shilingi 38,000 kila mwezi, na kwamba usiku nilikuwa naamka mara mbili kuchungulia dirishani kama bado liko. Baada ya miezi 14 nililiuza, nikamaliza deni, nikabaki na pesa ya nauli. Jioni ile mke wangu aliniambia kwa upole kwamba tangu gari liingie kwenye ploti hajanisikia nikicheka ndani ya nyumba. Nilitaka kubisha. Nikatafuta mfano wa siku moja niliyocheka, nikaukosa.

Sasa, mimi nilisomea biashara chuo kikuu. Kazi niliyofunzwa ni kusoma hesabu na kuuliza pesa iliingia wapi, ikatoka wapi, na mwisho wa siku kilibaki nini. Nikaanza kutafuta mtu ambaye hesabu zake za pesa zinajulikana na furaha yake pia inajulikana, nizilinganishe. Nikampata John Wesley.

Wengine mtasema, huyo si wa Wamethodisti? Ni kweli. Wamethodisti wa Kenya walianza kule Ribe, karibu na Mombasa, mwaka wa 1862, na mizizi yao inarudi kwake. Lakini hata sisi Wapentekoste ni wajukuu zake. Mafundisho yake kuhusu utakatifu ndiyo yaliyozaa vuguvugu la utakatifu kule Marekani, na ndani ya vuguvugu hilo ndimo uamsho wa Kipentekoste ulipochipukia mwanzoni mwa karne iliyopita. Kwa hivyo leo tunamsoma babu yetu.

Nyumba iliyoteketea

Wesley alizaliwa mwaka wa 1703 katika mji mdogo wa Epworth, jimbo la Lincolnshire, Uingereza. Baba yake, Samuel, alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Mama yake, Susanna, alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walikufa wakiwa wadogo. Ilikuwa nyumba ya maombi na vitabu, lakini pesa ilikuwa haikai. Mwaka wa 1705, John akiwa na miaka miwili, baba yake alikamatwa na kufungwa katika gereza la Lincoln kwa deni ambalo halikufika hata pauni 30. Kasisi mzima, na kanisa lake, na familia yake, ndani kwa sababu ya deni. Nikisoma hapo huwa natulia kidogo.

Halafu usiku mmoja wa Februari 1709 nyumba yao ilishika moto. Watoto walitolewa mbiombio. Nje wakahesabiwa, kumbe mmoja hayuko. John, miaka mitano, alikuwa amebaki amelala juu. Baba yake alijaribu kupanda ngazi mara kadhaa, moto ukamrudisha. Mtoto mwenyewe aliamka, akapanda juu ya sanduku, akaonekana dirishani. Hapakuwa na wakati wa kutafuta ngazi. Mtu mmoja alisimama kwenye mabega ya mwenzake, akamvuta mtoto nje, na punde tu paa likaanguka ndani.

Kila kitu kiliteketea: vitabu, nguo, samani. Na pale pale, mbele ya majivu, Samuel aliwaita majirani wapige magoti wamshukuru Mungu. Aliwaambia watoto wake wanane wote wako salama, nyumba iende, yeye ni tajiri vya kutosha.

Yule John mdogo alikuwa amesimama hapo na nguo ya kulalia. Nadhani somo lake la kwanza la uchumi alilipata usiku huo, kutoka kwa mtu aliyewahi kulala jela kwa deni.

Msichana mwenye gauni jepesi

Alikua, akasoma London, akaingia Oxford mwaka wa 1720, na mwaka wa 1726 akachaguliwa kuwa mhadhiri katika chuo cha Lincoln hapo hapo Oxford. Kwa mara ya kwanza alikuwa na mapato ya uhakika. Mdogo wake Charles alianzisha kikundi kidogo cha wanafunzi waliofunga, waliosoma Neno, waliotembelea wafungwa na kusomesha watoto wa maskini. John akawa kiongozi wao. Wenzao waliwacheka na kuwaita Wamethodisti, yaani watu wa kufanya kila kitu kwa utaratibu. Jina la dhihaka likabaki kuwa jina la kanisa.

Siku moja ya baridi kali alifika kwake msichana mmoja, miongoni mwa wale ambao kikundi chao kilikuwa kinawasomesha. Wesley aliona anatetemeka, amevaa gauni jepesi la kitani, akamuuliza kama hana nguo nyingine. Msichana akasema hiyo ndiyo yote aliyo nayo. Wesley akatia mkono mfukoni ampe kitu, akakuta karibu hamna kitu. Pesa ilikuwa imetoka muda si mrefu kununua picha za kupamba kuta za chumba chake. Akaziangalia zile picha, akamwangalia yule mtoto. Maisha yake yote hakusahau. Akiwa mzee bado alilisimulia jambo hilo kwenye mahubiri, akijishtaki kwamba alivisha kuta huku binadamu yuko uchi.

Baada ya hapo tunaona kitu ambacho mtu wa hesabu hukipenda sana. Mwaka mmoja alipata pauni 30, akaishi kwa 28, akatoa 2. Mwaka uliofuata akapata pauni 60. Akaishi kwa 28 zile zile, akatoa 32. Mwaka wa tatu akapata 90, akaishi kwa 28, akatoa 62. Mwaka wa nne akapata 120, akaishi kwa 28, akatoa 92.

Hebu rudi usome hizo namba tena polepole. Mapato yalipanda mara nne. Matumizi hayakusogea.

Mimi nilipotoka kwenye kazi yangu ya kwanza kwenda ya pili, mshahara ulipanda kwa nusu. Matumizi yangu yakapanda kwa zaidi ya nusu. Nyumba kubwa zaidi, simu mpya, nguo za kuonekana, na bado tarehe 20 nakopa kwa simu. Hakuna aliyenilazimisha. Niliamini tu kwamba pesa ikiongezeka, mahitaji lazima yaongezeke. Wesley aliamua mahitaji yake ni kiasi gani, akapiga mstari, na kilichozidi mstari akakihesabu kuwa ni cha mtu mwingine.

Ungeniuliza wiki mbili zilizopita, ningefunga mahubiri hapo. Ningewaambia pigeni mstari, toeni, mtapata furaha. Lakini wapi! Maisha ya Wesley hayaturuhusu kuishia hapo.

Dhoruba baharini

Mwaka wa 1735 John na Charles walipanda meli kwenda koloni la Georgia, Marekani, kuwahubiria wakoloni na wenyeji. Hapa John ana miaka 32. Anafunga, anaomba, anaamka alfajiri, anatoa karibu kila alicho nacho. Kwa nje hakuna unachoweza kumwongezea.

Ndani ya meli hiyo walikuwamo pia Wajerumani Wamoravia, watu wa kawaida waliokuwa wakihamia Georgia. Wesley aliona jinsi walivyofanya kazi za chini ambazo abiria wengine hawakutaka kuzigusa, na hawakutaka malipo. Wakitukanwa au wakisukumwa, walinyamaza.

Mwishoni mwa Januari 1736 dhoruba kali iliipiga meli. Wamoravia walikuwa katikati ya ibada yao ya jioni, wakiimba zaburi. Bahari ikapanda juu ya meli, tanga kuu likapasuka vipande, maji yakamwagika ndani. Waingereza wakapiga mayowe. Wamoravia wakaendelea kuimba. Wanaume, wanawake na watoto wao. Baadaye Wesley alimuuliza mmoja wao kama hakuogopa, akajibiwa hapana. Akauliza kuhusu wanawake na watoto, akajibiwa kwamba hata wao hawaogopi kufa.

Yeye alikuwa ameogopa, na aliliandika hilo bila kujificha. Mhubiri aliyekuwa safarini kuwaokoa wengine alitambua kwamba wanakijiji wale wana kitu ambacho yeye hana. Na angalia vizuri, mpendwa: Wesley hakuwa mtu wa mali. Kama kukosa mali ndiko kunakoleta furaha, angeanza kuimba yeye kabla yao. Kumbe unaweza kuwa huna vitu na bado moyo wako ukawa maskini. Unaweza kutoa pauni 92 kati ya 120 na bado ukatetemeka.

Georgia yenyewe ilimshinda. Alimpenda binti mmoja, akasitasita, binti akaolewa na mwingine. Baadaye Wesley alimnyima meza ya Bwana, familia ikampeleka mahakamani, mji ukagawanyika. Desemba 1737 aliondoka Savannah akiwa amevunjika, na alipofika Uingereza mwanzoni mwa 1738 hakuwa na cha kujivunia.

Jioni ya Mei

Tarehe 24 Mei 1738 alikwenda, bila hamu, kwenye mkutano mdogo katika mtaa wa Aldersgate, London. Mtu mmoja alikuwa anasoma utangulizi wa Martin Luther kwa Waraka wa Warumi, mahali anapoeleza jinsi Mungu anavyoubadilisha moyo wa mtu kwa imani katika Kristo. Ilikuwa kama saa tatu kasorobo usiku. Wesley aliandika kwamba alisikia joto la ajabu moyoni mwake, akajua anamtegemea Kristo peke yake, na kwamba dhambi zake, zake yeye mwenyewe, zimeondolewa. Hapakuwa na kelele wala watu kuanguka. Ni mtu mmoja tu amekaa kwenye kiti, na ndani yake mambo yamegeuka.

Sisemi kwamba baada ya hapo hakuona shaka tena. Aliona. Lakini soma maisha yake kabla na baada, utaona tofauti. Kabla, alitoa ili atulie. Baada ya hapo alitoa kwa sababu ametulia. Mkono ni ule ule, hesabu ni ile ile, lakini chanzo kimehama. Kwangu mimi hapo ndipo ujumbe wote ulipo.

Kule Luka 12 Bwana Yesu anamjibu mtu anayegombania urithi na ndugu yake, anawaonya watu juu ya tamaa, kisha anasimulia habari ya tajiri aliyepanga kujenga ghala kubwa zaidi na akafa usiku ule ule. Tajiri yule hakulaumiwa kwa kuvuna. Shida yake ni kwamba aliizungumzia nafsi yake kana kwamba nayo inakula mahindi.

Kazi na vijiko vinne

Mwaka unaofuata, 1739, Wesley alianza kuhubiri nje, mashambani, karibu na Bristol. Wachimba makaa ya mawe wa Kingswood, watu ambao hakuna kanisa lililowataka, walikuja kwa maelfu. Kuanzia hapo ni zaidi ya miaka 50 ya safari, kwenye mvua na matope. Inakadiriwa alisafiri maili 250,000 na kuhubiri mara 40,000. Alikuwa anasoma vitabu huku farasi anatembea.

Msije mkafikiri kwamba alidharau pesa, au aliwaambia wenye njaa watabasamu tu. London alinunua jengo lililokuwa kiwanda cha mizinga, akaligeuza kuwa mahali pa ibada na pa kuwahudumia maskini. Mwaka wa 1746 alianzisha hapo zahanati. Pia alizunguka mjini akachangisha pauni 50, akaziweka mikononi mwa wasimamizi wawili. Kila Jumanne asubuhi walikopesha watu wadogo wadogo, kila mmoja si zaidi ya shilingi 20, na mkopo ulirudishwa ndani ya miezi mitatu. Kwa mtaji huo mdogo watu 250 walisaidika ndani ya mwaka mmoja. Akina mama wa chama, mnaelewa hesabu hiyo kuliko mimi. Pesa ilirudi kwa sababu watu walikuwa waaminifu, ndiyo maana iliweza kumfikia mwingine.

Katika mahubiri yake kuhusu pesa, yaliyochapishwa mwaka wa 1760, alifundisha hatua tatu. Kwanza mtu apate kadiri awezavyo, kwa kazi halali isiyoumiza mwili wake, roho yake wala jirani yake. Pili aweke akiba kwa kutopoteza kwenye anasa na kujionyesha. Tatu, atoe kadiri awezavyo. Aliona kwamba ukichukua hatua mbili za kwanza na kuacha ya tatu, ni hatari kuliko kutoanza kabisa.

Yeye mwenyewe vitabu vyake vya bei nafuu vilinunuliwa sana vikamwingizia pesa nyingi. Inakadiriwa maishani mwake alitoa takriban pauni 30,000. Mwaka wa 1776 maafisa wa ushuru walimwandikia, wakidhani mtu mashuhuri kama huyu lazima ana vyombo vya fedha alivyoficha visitozwe kodi. Aliwajibu kwamba ana vijiko viwili vya fedha London na viwili Bristol, basi, na hatanunua vingine wakati watu wengi wanaomzunguka hawana mkate. Hebu fikiria mtoza ushuru anafungua barua hiyo!

Mambo ambayo hayakunyooka

Wahubiri tunapenda kusimulia maisha ya watu wa Mungu kana kwamba kila kitu kilinyooka. Cha Wesley hakikunyooka. Alipigwa mawe na makundi ya watu mara nyingi. Mwaka wa 1751 alioa mjane aliyeitwa Mary Vazeille, mwenye mali. Wesley alihakikisha mali ile inabaki ya mkewe na watoto wake, hakuigusa. Hata hivyo ndoa ile ilikuwa ya machungu. Yeye alikuwa safarini daima, mke akajaa wivu na uchungu, wakatengana. Mama huyo alipofariki mwaka wa 1781 hawakuwa wakiishi pamoja. Siwezi kusema Wesley hakuwa na lawama. Mtu anayewajali maskini wa nchi nzima anaweza kumsahau aliye mezani kwake. Ndugu zangu watumishi, tusome hapo bila kuruka.

Huzuni yake nyingine ilikuja uzeeni. Aliwaona watu wake, waliokuwa maskini walipookoka, wameacha ulevi, wamekuwa na bidii, wameweka akiba, na sasa wametajirika. Akaona utajiri ule unapoza moyo. Wokovu ulileta bidii, bidii ikaleta mali, mali ikaleta kiburi, na kiburi kikaanza kula wokovu. Hadi mwaka wa 1790, akiwa na miaka 87, alikuwa bado anahubiri juu ya hatari hiyo, akilia kwamba walishika hatua mbili na kuisahau ya tatu.

Pesa za mwisho

Januari 1785 London ilikuwa na theluji inayoyeyuka, maji machafu yakifika kwenye vifundo vya miguu. Wesley alikuwa na miaka 81. Aliona maskini wanahitaji nguo, akatoka kwa miguu siku tano akiombaomba kwa matajiri wa mji, kutoka asubuhi hadi jioni, mpaka akapata pauni 200. Akaugua kwa ajili ya baridi ile. Huyu ni mzee aliyekuwa anajulikana Uingereza nzima, amesimama mlangoni pa mtu, kofia mkononi. Ukijiuliza kwa nini hakuona haya, rudi kwa yule msichana wa gauni jepesi. Miaka zaidi ya 50 ilikuwa imepita na bado alikuwa anamtafutia nguo.

Julai 1790 alifunga daftari lake la hesabu kwa mara ya mwisho, kwa sababu mkono na macho vimechoka. Aliandika kwamba hatajaribu tena, kwani ameridhika kuwa anaweka yote awezayo na kutoa yote awezayo.

Februari 1791, siku chache kabla ya kufa, aliandika barua yake ya mwisho kwa mbunge William Wilberforce, akimtia moyo apigane na biashara ya watumwa. Kisha akalala kitandani nyumbani kwake City Road, London. Waliokuwapo walimsikia akiimba. Aliwaambia kwamba jambo lililo bora kupita yote ni kwamba Mungu yu pamoja nasi. Akafariki asubuhi ya tarehe 2 Machi 1791, miaka 87.

Wosia wake ulikataa gari la mazishi na mbwembwe zote. Uliagiza jeneza libebwe na watu sita maskini, na kila mmoja alipwe shilingi 20. Tunajua sisi wenyewe mazishi yanavyotufilisi huku. Hata siku hiyo alitafuta njia pesa imfikie mwenye shida.

Sasa sisi

Mpendwa, gari si dhambi. Ploti si dhambi. Namwombea kila kijana humu apate kazi, na kila mama mwenye kibanda afungue duka. Kama huna chakula leo, kuja uone wazee wa kanisa, usiambiwe na mtu yeyote kwamba uridhike na njaa. Nilichokosea mwaka juzi ni kuwaambia kwamba furaha iko kwenye funguo. Niliuza kitu ambacho sikuwa nacho dukani. Na kuna ndugu mmoja wa kanisa hili aliyekuja kunieleza mwezi uliopita kwamba baada ya mahubiri yale alikopa, na sasa anakimbia simu za wanaomdai. Nilimwomba msamaha akiwa ameketi mbele yangu, tukaketi na hesabu zake mpaka usiku, na bado tunaendelea kukutana.

Wiki hii nawaomba mambo mawili. La kwanza ni la karatasi: wewe na wa nyumbani mwako andikeni kiasi kinachowatosha kwa mwezi, kwa ukweli, bila kuangalia jirani. Mimi na mke wangu tumeandika chetu na kukibandika ndani ya mlango wa kabati. La pili ni la moyo, na hilo ndilo la kwanza kwa uzito. Jiulize swali la kwenye meli: bahari ikipanda usiku huu, kazi ikiisha, daktari akileta majibu mabaya, je, ndani yangu kuna kitu cha kuimba? Kama hakuna, usikimbilie kununua kitu, na usikimbilie hata kutoa kitu ili unyamazishe swali. Njoo kwa Kristo kama ulivyo, kama yule mhadhiri aliyeingia Aldersgate bila hamu. Yeye hubadilisha mtu kwanza, hesabu hufuata.

Siku hizi natoka kanisani kwa miguu mpaka stendi. Jumatano iliyopita bodaboda alinirushia tope kwenye suruali ya ibada, nikaingia nyumbani nikiwa hivyo, mtoto wetu akaniangalia juu mpaka chini akauliza kama nilikuwa nabatizwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mke wangu alitoka jikoni kuja kuona ni nini.

Tuombe. Baba, tusamehe kwa kutafuta sokoni kile ambacho wewe unakiweka moyoni. Waangalie walioamka leo na deni, uwape njia na hekima. Waangalie walioamka na mali, uwape mikono iliyofunguka. Badilisha mioyo yetu kwanza, ili kidogo kitutoshe na kingi kisitumeze. Katika jina la Yesu. Amina.